Pampu ya Bondeni Ifungwe

Kazi yangu ya kwanza niliipata kwa sababu ya mwandiko. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ya kawaida, niko nyumbani Majengo, namsaidia mama kuuza mchele sokoni. Mradi mmoja wa visima ulikuwa umepanga vyumba viwili karibu na njia ya stesheni, ukatangaza nafasi ya karani. Tulikwenda wengi. Msimamizi wa mradi, mzee wa Kifipa aliyekuwa fundi sanifu wa maji tangu ujana wake, hakutuuliza maswali. Alimpa kila mmoja karatasi na kalamu, akatutaka tueleze jinsi maji yanavyopatikana nyumbani kwetu kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Yangu aliisoma mara mbili. Akasema ameisoma bila miwani, na hakukuta neno hata moja lililomlazimu kurudi nyuma. Jumatatu iliyofuata nilianza kazi.

Mzee yule alikuwa na shida moja iliyomsumbua kuliko ubovu wa gari na uhaba wa saruji. Elimu yake yote ya maji aliipata kwa Kiingereza, na vitabu vyake vyote vilikuwa vya Kiingereza, lakini visima alikuwa akivichimba Ugalla na Mpimbwe, mahali ambapo hata Kiswahili kwa wengi ni lugha ya pili. Alikuwa akisimama mbele ya watu na kueleza, watu wakitikisa vichwa, na akiondoka hakuna lililoshikwa. Aliwahi kuwaambia wanakijiji kwamba lazima walinde chanzo. Mzee mmoja akasimama akamjibu kwamba chanzo kinajulikana, ni mwenyekiti aliyepita, na ameshaondolewa. Mahali pengine alisema maji yatatibiwa, mama mmoja akauliza maji yenyewe yanaumwa nini.

Alinihadithia hayo huku akicheka, lakini nilijua yanamkera. Kwa hiyo alinunua kaunta buku, na mchana, kazi zikipungua, tulikuwa tunakaa mimi na yeye kutafuta maneno. Yeye alikuwa anataja kitu na kueleza kinafanya nini, mimi namwambia nyumbani tungekiitaje. Neno la kitabuni la mahali mtoni ambapo maji huzuiwa ili yaingie mferejini hakuna aliyelijua. Wakulima wa mpunga wa Mpimbwe walikuwa wanasema banio, tukaandika banio. Maji yaliyo chini ya ardhi tuliyaita maji ya ardhini, basi. Pete za zege zinazoshushwa kisimani kila mtu alikuwa anaziita kalvati, tukaziacha na jina lao. Neno tuliloliafiki niliandika kwa wino. Lililotushinda niliandika kwa penseli, na mzee alikuwa akitembea nalo siku nzima kama mtu aliyeingiwa na mwiba.

Lililotuchukua muda mrefu kuliko yote lilikuwa tofauti ya maji safi na maji salama. Maji yanaweza kuwa meupe hata ukaiona sarafu chini ya ndoo, na bado yakakuua. Mzee alitaka kila kijiji kielewe jambo hilo kabla ya kupewa pampu. Alisema kazi yetu yote imo ndani ya maneno hayo mawili, na mtu akiyachanganya ni heri tusingechimba.

Kijiji ninachotaka kukieleza kilikuwa upande wa Ugalla, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kistesheni kidogo cha treni. Wengi wa pale walikuwa Wakonongo, walima mahindi na karanga, na wanaume wao walikuwa wanaingia msituni kutundika mizinga. Alikuwa anaishi pale mdogo wake mama yangu. Mama alipougua sana nikiwa na miaka sita, mama mdogo alikuja kunichukua, akanilea miaka miwili. Yeye ndiye aliyenipeleka darasa la kwanza, na jioni alikuwa anakaa nami akinisimamia kuandika, mwiko wa ugali mkono mmoja, mkono mwingine unanyoosha herufi zangu zilizolala. Yeye mwenyewe alikuwa ameishia darasa la nne.

Mradi ulipokipata kijiji hicho nilifurahi kupita kiasi. Mama mdogo alichaguliwa kwenye kamati ya maji, akapewa kazi ya kutunza pampu. Wakati huo alikuwa na watoto watano wakubwa, na mmoja mdogo aliyemjia akiwa amekwisha kukata tamaa ya kuzaa tena. Mtoto huyo wa kike alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa na kitovu kikubwa na sauti nzito isiyolingana na mwili wake. Nikifika, alikuwa anavua viatu vyangu kimyakimya, anavivaa, na anazunguka navyo uwanjani bila kumtazama mtu, kama ofisa aliyekuja kukagua. Aliniita Dada Pampu.

Semina tuliifanya shuleni, siku mbili, darasani. Mzee alifundisha kwa Kiswahili, mimi nikageuza kwa Kikonongo palipokuwa pagumu. Tulipofika kwenye maji safi na maji salama nikaona macho ya watu yakisinzia. Mama mdogo akanyoosha mkono. Aliuliza kwamba sasa, kama macho hayawezi kuona, wao watajuaje. Kule bondeni walikuwa wanachota kwenye madimbwi, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na kwa sababu yalikuwa machafu waziwazi, yeye alikuwa anachemsha kila sufuria. Lakini maji meupe ya kisima, nani ataona haja ya kupoteza kuni?

Mzee alikuwa ametoka nje kuzungumza na dereva. Nikajibu mimi.

“Ofisi yetu haifungi pampu mpaka maji yapimwe,” nilisema. “Kwa hiyo nyie mkiona pampu imefungwa, kunyweni bila wasiwasi.”

Mama mdogo akanitazama kwa fahari, akawageukia wenzake kuona kama wamesikia.

Visima vilikuwa viwili. Cha juu, karibu na shule, kilimalizika kwanza, maji yake yakapimwa, yakawa mazuri, fundi wetu akaweka pampu huku vijana wawili wa kijiji wakimsaidia na kujifunza. Cha pili kilikuwa bondeni, hatua chache kutoka nyumbani kwa mama mdogo. Kilipofika kwenye maji na kalvati zikashushwa, tulijaza chupa, tukaiweka kwenye kasha la barafu, ikapanda treni kwenda maabara. Kupata majibu kulikuwa kunachukua majuma.

Mvua za kwanza zilikuwa zinakaribia. Mzee aliogopa barabara itafungwa na maji kabla kazi haijaisha, kwa hiyo akapanga, kwa mara ya kwanza nilivyofahamu, kwamba pampu ya bondeni iwekwe mapema, na majibu yakija mazuri watu waruhusiwe kuchota. Ratiba niliichapa mimi. Fundi aliondoka na gari lenye pampu na mabomba, na mzee akaenda Sumbawanga kwenye mkutano. Jambo nisilolijua ni kwamba fundi alishikwa na malaria njiani. Alifika kijijini akitetemeka, akashusha pampu na mabomba kwenye ofisi ya kijiji pamoja na spana zake, akageuza siku hiyo hiyo, akaenda kulala nyumbani kwake. Dereva alidhani fundi atanieleza, fundi alidhani dereva amenieleza. Mimi ofisini nilitazama ratiba ukutani, nikajua pampu ya bondeni imekwisha kuwekwa.

Bahasha ya maabara ilikuja na treni siku ya nne tangu fundi aondoke. Niliifungua kwa sababu ndivyo nilivyoagizwa. Sampuli ile ilikuwa na vijidudu vya kinyesi, na chini pameandikwa kwamba maji hayafai kwa kunywa. Nilikwenda posta nikapiga simu Sumbawanga. Ilinichukua nusu ya asubuhi kumpata mzee. Simu ilikuwa inakwaruza, tukawa tunapaza sauti. Aliposikia majibu akasema, “Ile pampu ya bondeni ifungwe mara moja. Andika hivyo hivyo. Peleka leo.”

Siku hiyo mwalimu mmoja wa shule ya kijiji kile alikuwa mjini kufuata chaki, na alikuwa anarudi na treni. Sikutaka kumchelewesha kwa kuchapa. Nilichukua karatasi nikaandika kwa mkono, herufi kubwa za kusomeka:

“Kwa Kamati ya Maji. Kufuatana na majibu ya maabara, pampu ya kisima cha bondeni ifungwe mara moja. Maelezo kamili yatafuata. Tekelezeni.”

Nikagonga muhuri. Nilimkabidhi mwalimu mkononi, nikamwambia ni jambo la haraka, nikarudi kwenye kiti changu nimeridhika. Nakumbuka nilikula maandazi mawili.

Mzee alirudi baada ya siku kadhaa, akaniuliza kama ujumbe ulifika, nikamwambia ulifika. Tukapanga kwamba barabara ikiruhusu tutakwenda kuwaeleza watu na kuangalia uchafu ule unatoka wapi. Wakati ule mvua ilikuwa imeanza kwa nguvu, gari likawa halitoki.

Juma la pili lilikuwa karibu kuisha nilipopokea barua kutoka kijijini, iliyoletwa na mfanyabiashara wa asali. Ilikuwa imeandikwa na katibu wa kamati. Alianza kwa salamu, akasema kwamba agizo la ofisi lilipokelewa na kutekelezwa. Pampu ya bondeni waliifunga siku ile ile, bila kumsubiri fundi, wakitumia vijana waliojifunza kwenye kisima cha juu. Maji yanatoka vizuri na ni meupe. Akina mama wa bondeni wanashukuru kwa kuwa sasa hawapandi mlima tena.

Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Nilipofika kwenye maneno maji yanatoka vizuri, sikuelewa. Nikarudia. Nikafikiri katibu amekosea, amechanganya na kisima cha juu. Kisha nikasoma tena kuanzia juu, na safari hii niliposoma waliifunga, neno likanigeukia. Pampu inafungwa kwa mnyororo na kufuli isitumike. Pampu inafungwa kwa nati na spana ianze kutumika. Ni neno lile lile. Nilikuwa nimelitumia kwa maana ile ya pili darasani, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Miezi yote ile tulikuwa tumehangaika na maneno magumu, na hakuna hata siku moja tuliyofikiri kuandika funga kwenye kaunta buku. Nani angeliandika? Kila mtu analijua.

Nilimpelekea mzee ile barua. Aliisoma bila kukaa. Akachukua mnyororo na kufuli stoo, akamwita dereva, tukaondoka hivyo hivyo. Treni haikuwa na safari siku hiyo. Gari lilikwama mara tatu, na mara zote tatu mzee alishuka kusukuma pamoja nasi na viatu vyake vya ofisini. Njia nzima nilikuwa najiambia kwamba watu wale wamekunywa madimbwi miaka yote, kwamba matumbo yao yamezoea, kwamba pengine maabara walichanganya chupa.

Tulifika mchana wa siku ya pili. Nilipoona wanaume wamekaa kwenye magogo nje ya nyumba ya mama mdogo, na moto wa magome unafuka uwanjani, nilijua. Sikujua tu ni nani.

Alikuwa yule mdogo. Alianza kuharisha Jumapili. Watoto wengine kadhaa wa bondeni walikuwa wanaharisha pia, wakubwa kidogo kuliko yeye, na hao walipona. Mama mdogo alifanya kila alichofundishwa zahanati. Alichanganya chumvi na sukari kwenye maji, akamnywesha kwa kijiko, mchana na usiku, kijiko baada ya kijiko. Maji aliyachota kwenye pampu iliyokuwa hatua chache kutoka mlangoni. Hakuyachemsha, kwa sababu yalikuwa maji ya pampu. Kadiri mtoto alivyozidi kuishiwa nguvu, ndivyo alivyozidi kumnywesha. Walimzika asubuhi ile ile tuliyofika. Tuliwakuta wanawake wamejitwika ndoo kutoka bondeni kuja kupika chakula cha msiba.

Mzee aliwasimamisha. Aliwaomba wamwage, au wachemshe mpaka maji yatokote. Kisha akashuka bondeni na mnyororo. Watu wakamfuata, wengine wameanza kunung'unika kwamba ofisi gani hii inakuja kunyang'anya maji siku ya msiba. Mimi nilikuwa nimeingia ndani kwa wanawake, lakini nilitoka nikasimama nyuma ya nyumba ninakoweza kusikia.

Mzee aliwaambia kwamba majibu ya maabara yalikuwa mabaya, kwamba ofisi ilituma barua kuzuia pampu isitumike, na barua haikueleweka. Mwenyekiti wa kijiji akatia mkono kwenye koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaisoma kwa sauti mbele ya watu wote, taratibu, mpaka neno la mwisho. Kisha akatazama huku na huku. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kuelewa.

“Sasa mzee,” akauliza, “sisi tumekosea wapi?”

Mzee aliinama akazungusha mnyororo kwenye mkono wa pampu, akapiga kufuli. Aliponyooka akasema, “Hamkukosea. Barua ni yangu. Nilisema vibaya.”

Hakunitaja. Mpaka leo sijui kama alinisaidia au alinitwisha mzigo. Alirudi mjini na gari. Mimi nilibaki msibani.

Siku tatu niliteka maji kisima cha juu, nikachemsha, nikapika, nikaosha vyombo. Mama mdogo alikuwa amelala kwenye mkeka, amefunga kanga tumboni, halii. Mumewe alikuwa msituni na mizinga yake. Walikuwa wamemtuma mtu kumfuata na bado hajapatikana. Kila nilipompelekea uji mama mdogo alinywa vijiko viwili na kuniambia asante mwanangu, na neno hilo lilikuwa linanichoma. Siku ya tatu jioni wanawake wengine walipotoka kwenda kuoga, nilipiga magoti kando ya mkeka. Nilimwambia kwamba mzee hakuandika ile barua, niliiandika mimi.

Alikuwa anatazama ukuta. Hakugeuka.

“Najua,” akasema. “Mwandiko wako si niliunyoosha mimi?”

Akaendelea, kwa sauti ndogo, kama anayemweleza mtu mwingine.

“Mwenyekiti alitaka tusubiri fundi apone. Alisema hawa vijana wataharibu. Mimi ndiye niliyebisha. Niliishika ile karatasi nikawaambia, huyu ni mwanangu, namjua, kama ameandika mara moja basi ni mara moja. Nikawaambia, maji yamepimwa.”

Kisha ndipo alipolia. Nilitaka kumshika, nikaogopa. Tulikaa hivyo, yeye analia, mimi nimepiga magoti, mpaka wanawake waliporudi na kudhani tunamlilia marehemu, wakajiunga nasi.

Kabla sijaondoka aliniita nje, akanitaka nisimweleze mama yangu, wala mumewe, wala mtu yeyote pale kijijini, kwamba mtoto aliondoka kwa sababu ya barua ile. Alisema watu wamesikia tu kwamba barua haikueleweka; wakijua kwamba karatasi kutoka ofisini inaweza kuua, wataacha hata kisima cha juu, watarudi kwenye madimbwi, na hapo watazika wangapi? Aliyasema hayo akiwa ameshika nguzo ya nyumba, bila uchungu wowote usoni, kama mjumbe wa kamati anayetoa hoja. Niliahidi.

Ofisini tulitakiwa kupeleka ripoti. Mzee aliisema, mimi nikaichapa. Alijaribu namna nyingi za kuanza. Mwishowe tukatumia maneno ambayo yanatumika maofisini. Palitokea kasoro ya mawasiliano. Watumiaji kadhaa wa kituo cha kuchotea maji namba mbili waliathirika, na mtumiaji mmoja alifariki. Neno mtumiaji tulilichagua sisi wenyewe miezi michache nyuma, tukalipenda kwa kuwa lilikuwa fupi na linamchukua kila mtu, mkubwa na mdogo, mwanamke na mwanamume. Nililichapa, nikaona mtoto mwenye sauti nzito amevaa viatu vyangu. Nikasimama nikaenda nyuma ya ofisi. Niliporudi mzee alikuwa amemalizia kuichapa mwenyewe, kwa kidole kimoja, na mahali pa jina la aliyetoa agizo aliweka lake.

Nilimwambia haikuwa haki. Akaniambia kwenye simu alilisema neno lile yeye, na mimi niliambiwa niandike hivyo hivyo. Nikamwambia ningeweza kuongeza maneno matatu tu, isitumike na mtu, na nisingepungukiwa wino. Akasema naye angeweza kuyasema. Tulibishana namna hiyo muda mrefu, kila mmoja akilivutia kosa kwake, na hakuna aliyemtuliza mwenzake. Baadaye alifungua kaunta buku, akaniomba niandike kwamba tangu siku hiyo pampu inasimikwa, au inazuiwa, na lile neno jingine lisitumike kabisa katika barua za ofisi. Niliandika. Mwandiko wangu haukutoka vizuri.

Mwaka uliofuata mzee alistaafishwa kabla ya wakati wake. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya jambo lile, na hakuna aliyesema si kwa sababu hiyo. Alirudi kwao Ufipa. Nilimwandikia mara mbili, akanijibu mara moja, kwa kifupi, akiuliza hali ya visima. Kisima cha bondeni kilikuja kufukiwa. Ilionekana kwamba kilichimbwa karibu mno na shimo la choo cha zamani ambacho nyumba yake ilikwisha kuanguka, na aliyekuwa anakumbuka mahali kilipokuwa alihamia mbali. Mimi niliendelea na mradi mpaka ulipomaliza muda wake, kwa sababu nyumbani tulihitaji ule mshahara, na kwa sababu nilihofia atakayekuja baada yangu hatajua.

Mama mdogo aliendelea kutunza pampu ya juu. Walioifahamu kazi yake walisema hakukuwa na pampu iliyotunzwa kama ile upande wote wa Ugalla. Lakini mjini hakuja tena. Zamani alikuwa anakuja kila baada ya mavuno, na karanga na asali, akilala nami kitanda kimoja. Sasa alikuwa anatuma mtu. Mama yangu alilalamika kwamba mdogo wake amekuwa na maringo tangu alipowekwa kwenye kamati. Mimi nilishika ahadi yangu.

Alikuja mara moja, mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, kaka yangu alipooa. Alikaa siku mbili, akapika na wenzake, akacheza ngoma alipovutwa. Alikuwa amekonda na nywele zimeanza kuwa nyeupe. Nami alizungumza kama mtu anavyozungumza na mwenyeji wa nyumba aliyofikia. Siku ya kuondoka nilimbebea kikapu mpaka stesheni. Treni ilikuwa bado haijasogezwa, tukakaa kwenye benchi. Nikamwambia kwamba sijawahi kumwomba msamaha sawasawa, na ninauomba.

Alifikiri kwanza. Hakuwa mtu wa kusema jambo ili kumfurahisha mwenzake.

“Nilikusamehe siku ile ile,” akasema. “Ila sikuweza kukuzoea tena. Nimejaribu.”

Nilimwambia nimeelewa. Watu walianza kusimama na mizigo yao, nasi tukasimama. Nilimpandishia kikapu dirishani baada ya yeye kupata kiti, akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka mapajani. Akaniuliza kama hapa mjini mchele umepanda. Nikamwambia umepanda kidogo. Tukaendelea kuzungumza habari za mchele mpaka behewa lilipoanza kusogea.